Tunutu wa Unyoya na Shaba

Kila mtu aliyekaa pwani au kando ya ziwa ajua kuvua kwa mshipi. Hutia nyungunyungu au kipande cha dagaa katika ndoana, akatupa majini, akangoja. Lakini wako wavuvi wasiotia chambo cho chote cha kuliwa. Wao hufunga unyoya juu ya ndoana hata ufanane na mdudu, na samaki, pamoja na werevu wake wote, huudaka.

Mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za uvuvi huo: jinsi mdudu mmoja rahisi afungwavyo, na jinsi avuavyo. Tena tutasimulia habari za wazee wawili wa Uingereza, mmoja mwanasheria na mmoja mlinzi wa mto, ambao kwa kutazama kwao kwa bidii walipata kuyajua yaliyofichwa chini ya maji. Walimu wataona humu somo la kuwaonyesha watoto, na watu wa nyumbani wataona kazi njema ya jioni moja.

SAMAKI MWENYEWE

Samaki huyo aitwa trauti. Hupenda maji safi, ya baridi, yaendayo mbio juu ya mawe. Maji yakipita joto la digrii 20 huanza kutaabika, maana maji yenye joto hayashiki hewa nyingi kama maji ya baridi. Kwa hiyo usimtafute katika mito ya nyika wala ya pwani.

Katika Afrika ya Mashariki trauti ni mgeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa hudhurungi kutoka Loch Leven, katika nchi ya Scotland, nayo yakatiwa katika mto Gura, utokao katika milima ya Nyandarua. Kisha mwaka 1910 wakaletwa kutoka Afrika ya Kusini trauti wa namna ya pili, mwenye mstari wa rangi kama upinde wa mvua ubavuni, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Tangu hapo wameenea katika mito mingi ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, kama Sagana, Thego na Naro Moru. Mtu apendaye kuwavua hana budi kupata kibali kwanza. Na huko juu ambako msitu ni mnene, asiende peke yake, maana tembo na nyati nao hushuka kunywa.

Tabia za trauti ni za kuangaliwa sana. Yeye hakimbilii chakula kama mbwa akimbiliavyo mfupa. Hukaa mahali pamoja, nyuma ya jiwe au kando ya majani, kichwa akikielekeza kule maji yatokako, naye huungoja mto umletee riziki yake. Chakula kikipita karibu, husogea kidogo, hufungua kinywa, hufumba, hurudi mahali pake. Kama chakula ki mbali, hukiacha kipite, kwa kuwa kushindana na maji ya mbio kwamchosha, naye hapendi kutumia nguvu nyingi kuliko faida aipatayo.

Tena ana macho makali. Aliye chini ya maji huiona nchi ya juu kwa njia ya kitu kama dirisha la mviringo lililo juu ya kichwa chake, ambalo upana wake wapita kidogo mara mbili ya kina alichomo. Nje ya dirisha hilo, uso wa maji kwake ni kama kioo cha kujitazamia. Nuru hupindika iingiapo majini, ndiyo sababu mtu asimamaye ukingoni huonekana dirishani, hata kama yeye hamwoni samaki. Basi mvuvi anyatiaye kwa goti, tena akija kwa nyuma, atapata. Na yule ajaye wima akiwa na shati jeupe, atakuta mawe matupu.

TUNUTU NI NANI

Wazee wetu waliosumbuliwa na nzige wajua kwamba nzige, aanguliwapo, hana mabawa. Twamwita tunutu. Hula, hukua, hujivua ngozi mara kwa mara, mpaka ajivue mara ya mwisho na kuruka. Basi wako wadudu wa mtoni wenye maisha ya namna hiyo hiyo, isipokuwa utoto wao wote huwa chini ya maji. Nasi tutawaita vile vile tunutu.

Huyu tuliye na habari zake ni mdogo, hapati urefu wa kucha ya kidole cha mwisho. Ana miguu sita, mikia mitatu myembamba kama nyuzi, na kando ya tumbo lake ana vijani vya kuvutia hewa iliyo ndani ya maji. Hukaa juu ya mawe na majani ya mto kwa miezi, akila uchafu wa kijani ulioganda pale. Wakati wake utimiapo, huogelea kwenda juu. Ngozi yake hupasuka mgongoni, akatoka mdudu mwenye mabawa, akaruka mpaka mti ulio karibu. Huko hujivua ngozi mara moja tena, jambo ambalo hakuna mdudu mwingine ye yote alifanyaye baada ya kupata mabawa. Ndipo acheza hewani, azaa, afa. Maisha yake ya hewani ni ya siku moja au chache tu, wala hali kitu, kwa maana kinywa chake hakina kazi tena.

Msidhani ya kuwa mdudu huyu ni wa Ulaya tu. Jamaa zake wamo katika mito ya milima yetu pia. Nenda penye maji mapesi, inua jiwe, uligeuze taratibu: utawaona wakikimbia pembeni kama watu walioondolewa dari ya nyumba.

Sasa tufikiri. Ikiwa mdudu huyu akaa miezi chini ya maji, na siku moja au mbili tu juu, je, trauti atapata wapi sehemu kubwa ya chakula chake? Mtoto wa shule aweza kujibu: chini ya maji. Hata hivyo, juu ya jibu hilo watu wazima wenye elimu walibishana miaka mingi.

UBISHI WA KANDO YA MTO ITCHEN

Kusini mwa Uingereza iko mito itokayo katika milima ya jiwe jeupe la chaki. Mvua huingia ndani ya jiwe hilo, hukaa siku nyingi, kisha hububujika penye chemchemi ikiwa safi, wala haibadiliki sana baridi yake kiangazi na wakati wa theluji. Maji ya mito hiyo ni maangavu, hata mtu aweza kumwona samaki na kuhesabu madoa yake. Itchen, upitao mji wa Winchester, ni mmojawapo.

Katika miaka ya 1880 Frederic Halford aliandika vitabu vilivyofundisha kuvua kwa inzi wa unyoya aeleaye juu ya maji. Alikuwa mtu wa taratibu sana. Alifundisha kwamba mvuvi amngoje samaki mpaka amwone akila juu, kisha amrushie inzi aliyefanana na yule aliwaye saa ile. Fundisho lake lilikuwa jema, nalo likawapendeza watu. Lakini kama ilivyo desturi ya wanadamu, wanafunzi walizidi mwalimu. Njia moja njema ikafanywa kuwa njia pekee ya halali. Katika mito mingi ikawa mwiko kuvua kwa kitu kizamacho. Walisema kwamba kuvua chini ya maji kwawatisha samaki, kwawachoma wadogo wasiotakiwa, tena si haki kwa samaki mwenyewe.

G. E. M. Skues alikuwa mwanasheria wa London, aliyezaliwa mwaka 1858. Tangu mwaka 1883 alivua katika sehemu moja ya Itchen iitwayo Abbotts Barton. Naye alikuwa na tabia moja iliyomtofautisha na wenzake: alipopata samaki, hakuridhika kumtia kikapuni tu. Alitwaa kijiko chembamba cha kutolea uboho mifupani, akakiingiza kooni mwa samaki aliyekufa, akatoa vilivyomo tumboni, akavitia katika chombo cheupe chenye maji, akavitazama kimoja kimoja. Humo aliona tunutu kwa wingi. Samaki aliyedhaniwa kuwa ala juu, kumbe alikuwa akila chini kidogo ya uso wa maji!

Basi Skues akafunga tunutu za unyoya na manyoya ya wanyama, akazirushia samaki aliyemwona, kwa taratibu ile ile ya Halford, ila chambo chake kilizama. Mwaka 1910 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hilo, na vingine vikafuata mwaka 1921 na 1939. Hakuwatukana waliompinga. Aliandika kama wakili aletaye ushahidi mbele ya hakimu.

Lakini ushahidi haukutosha. Baadhi ya waliokodi mto pamoja naye walichukizwa na tunutu zake. Mwezi wa Februari mwaka 1938 jambo hilo lilijadiliwa London, katika chama cha wavuvi hao, na mzee Skues, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 80, akasimama kujitetea. Majira ya uvuvi ya mwaka ule yalipokwisha, akaiacha Abbotts Barton. Miaka zaidi ya hamsini alikuwa ameujua mto ule, kila tao na kila kivuli chake, naye akautoka kwa sababu ya kitu kidogo kuliko punje ya mpunga.

Huenda msomaji atacheka na kusema, Hii ni michezo ya matajiri. Ni kweli. Lakini nani kati yetu hajaona katika kijiji chake mtu aliyefukuzwa barazani kwa sababu aliyoyaona kwa macho yake hayakupatana na desturi? Skues alifariki mwaka 1949, akiwa na miaka 90. Leo tunutu huvuliwa ulimwenguni kote palipo na trauti, na jina lake latajwa kwa heshima na wale wasiojua hata majina ya waliombishia.

MLINZI WA MTO AVON

Yuko wa pili, naye hakuwa wakili wala tajiri. Frank Sawyer alizaliwa Bulford katika jimbo la Wiltshire, kando ya mto Avon. Tangu mwaka 1928 alikuwa mlinzi wa sehemu ya juu ya mto huo, kwa kazi ya chama cha uvuvi cha maofisa wa jeshi. Kazi yake ilikuwa kukata majani yaliyozidi, kuondoa tope, na kuwalinda samaki. Kwa muda wa karibu miaka hamsini hakuna siku nyingi alizokuwa mbali na maji. Wahenga husema, Mwenye macho haambiwi tazama. Naye alikuwa na macho.

Sawyer aliona jambo ambalo wengi waliopita pale hawakuliona. Waliofunga tunutu walizoea kuwafanyizia miguu ya unyoya. Lakini yeye alipowatazama walio hai, aliona kwamba tunutu aogeleapo huikunja miguu yake na kuibana mwilini, akaenda kama mshale. Basi akaiacha miguu. Aliona tena kwamba tunutu wa bandia huelea au huzama polepole mno, hata samaki aliye chini hapati kumwona. Basi akautupa uzi, na mahali pake akatia waya wa shaba nyekundu, mwembamba kama unywele, wa namna ile izungushwayo ndani ya mitambo midogo ya umeme. Waya ukawa uzi, ukawa uzito, na rangi yake ikang'aa kidogo katikati ya unyoya kama mwili wa mdudu wenyewe. Kwa vitu viwili tu akafanya kazi ambayo wengine waliifanya kwa sita au saba.

Skues alipokuwa mzee sana ndiye aliyemtia moyo mlinzi huyu aandike ayajuayo. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1952, na kile cha tunutu mwaka 1958. Alifariki mwaka 1980, kando ya mto wake.

JINSI YA KUFUNGA

Vitakiwavyo ni hivi: ndoana ndogo ya namba 14, ambayo mti wake haufiki nusu inchi, waya wa shaba tuliokwisha kuutaja, mkasi mdogo, jiliwa dogo la kushikia, na unyoya wa mkia wa fesanti dume, ndege wa jamii ya kuku na kwale, wenye rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na nyekundu. Asiyempata ndege huyo na atumie unyoya wa hudhurungi wa bata mzinga.

Ili tusipotee njiani, sehemu ya ndoana iliyonyoka tutaiita mti, mahali ipindapo tutapaita tao, na kitundu cha kupitishia mshipi ni jicho.

Kwanza. Ishike ndoana kwa jiliwa penye tao lake, mti ulale sawasawa. Kabla ya hapo, kwa koleo ndogo, ibane chembe ya ncha hata ilale. Ndoana isiyo na chembe hutoka upesi kinywani, na samaki aliye mdogo hurudishwa mtoni akiwa mzima.

Pili. Anza nyuma ya jicho, ukazungushe waya juu ya mti, mzingo kando ya mzingo, bila kuacha nafasi, mpaka mwanzo wa tao. Rudi mbele hata theluthi ya mti iliyo karibu na jicho, na hapo uzungushe huko na huko mpaka pafanyike nundu ndogo, kama nundu ya ng'ombe. Hicho ndicho kifua cha mdudu, na ndicho kimzamishacho. Kisha rudisha waya nyuma mpaka kwenye tao, uuache uning'inie. Usiukate.

Tatu. Twaa unyoya, utenge nyuzi zake nne. Zivute zisimame wima kutoka katika uti wa unyoya, ndipo ncha zake zitakapolingana, kisha zikate karibu na uti. Zifunge kwa upande wa ncha penye mwanzo wa tao, kwa mizingo miwili au mitatu ya waya, ncha zikitokeza nyuma kiasi cha sehemu ya nane ya inchi. Hiyo ndiyo mikia. Mdudu wa kweli ana mitatu, nasi tumempa minne. Lakini trauti hakupelekwa shule kujifunza hesabu.

Nne. Zisokote nyuzi nne pamoja na waya ziwe kamba moja, ukazungushe kamba hiyo kwenda mbele mpaka nyuma ya jicho. Hapa ndipo werevu wa mlinzi yule uonekanapo. Unyoya mtupu hukatwa na meno ya samaki wa kwanza. Uliosokotwa na waya hustahimili wengi. Mwili uwe mwembamba penye mikia, ukizidi unene kidogo kidogo hata kifuani.

Tano. Tenganisha waya na nyuzi. Zungusha waya mara mbili nyuma ya jicho, kisha uupitishe mpaka nyuma ya nundu. Zilaze nyuzi juu ya nundu kuelekea nyuma, uzifunge hapo kwa waya. Waya urudi mbele, nyuzi nazo zirudishwe mbele, zikafungwe nyuma ya jicho. Fanya hivyo mara ya pili ikiwa nyuzi zatosha. Mgongo huo mnene, mweusi kuliko mwili, ni mfano wa mabawa yaliyokunjwa, yangojayo siku yake.

Sita. Kata mabaki ya nyuzi. Zungusha waya mara tatu nyuma ya jicho, utie vitanzi viwili vya kukaza, ukate. Tazama kama jicho li wazi. Wengi husahau jambo hili, wakafika mtoni na kukuta hapana mahali pa kupitishia mshipi.

Mimi mwenyewe nilipofunga mara ya kwanza nilidhani kwamba unyoya mwingi wapendeza. Nalitwaa nyuzi kumi. Mdudu wangu akawa mnene kama kiwavi wa mahindi, na nilipomtupa katika beseni la maji akaelea, akanitazama. Tangu siku ile kila nimfungaye namjaribu kwanza katika beseni. Asiyezama mara moja harudi katika kisanduku. Nauokoa waya, naanza tena. Wa tano au wa sita ndiye atakayekuwa mzuri, wala msikate tamaa kabla yake.

JINSI YA KUVUA

Mto ukijaa tope baada ya mvua, kaa nyumbani. Uvuvi huu wataka maji maangavu na jua lililo nyuma yako au ubavuni.

Mshipi wenyewe huwa mzito kidogo ili urushike, nao hupakwa mafuta uelee. Mwisho wake hufungwa uzi mwembamba wa nailoni, wa urefu wa futi tisa hivi, na tunutu hufungwa katika ncha ya uzi huo. Sehemu ya uzi iliyo karibu na tunutu isiguswe na mafuta, ipate kuzama pamoja naye.

Panda mto kutoka chini kwenda juu, polepole, kwa kuwa samaki wote wamekupa kisogo. Usitupe ovyo. Simama, tazama, mpaka umwone mmoja. Mara nyingi hutaona samaki kwanza, bali kivuli chake juu ya mchanga, au mkia uchezao. Ukimwona, tupa tunutu mbele yake kule maji yatokako, si juu ya kichwa chake, bali futi tatu au sita mbele, kwa kadiri ya kina na mbio za maji, hata afikapo kwake awe amekwisha kuzama kiasi cha mahali samaki alipo. Kisha uache mto umlete. Mshipi usimvute wala usimzuie.

Sasa swali: mtu ajuaje kwamba samaki amelidaka, ikiwa yote yatendeka chini? Mvuvi wa chambo husikia mvuto mkononi. Lakini trauti hutia tunutu kinywani, akaona si chakula, akamtema kabla mkono haujasikia neno. Kwa hiyo vua kwa macho. Tazama pale uzi uingiapo majini: ukisita, au ukizama ghafula, au ukienda kando, inua ufito. Mtazame na samaki: akigeuka upande, au ukiona weupe wa kinywa chake ukifunguka na kufumba, inua ufito. Kuinua huko kuwe kwa upole, kama mtu ainuaye kifuniko cha chungu asimwage mvuke.

Iko njia moja zaidi, na ndiyo iliyo tamu kuliko zote. Tunutu akaribiapo samaki, inua ncha ya ufito kidogo. Tunutu aliyekuwa akichukuliwa na maji kama kitu kilichokufa huinuka mara, mbele ya macho ya samaki, kana kwamba saa yake ya kupanda juu imefika. Samaki aliyekataa mara tatu huruka akamshika, kwa maana aona riziki yake yakimbia. Oliver Kite, jirani yake Sawyer, alieleza njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1963. Yeye alifika hata kuvua kwa ndoana isiyo na unyoya wo wote, yenye nundu ya waya mtupu, naye alipata samaki. Alionyesha hivyo kwamba mwendo ulio sawa hupita mapambo.

NENO LA MWISHO

Si wasomaji wote watakaokwenda kuvua trauti, wala hatukuandika kwa ajili hiyo tu. Lakini kila mwalimu aliye karibu na kijito aweza kuwachukua watoto, pamoja na sahani moja nyeupe. Watie maji katika sahani, wageuze jiwe la mtoni, wasafishe upande wake wa chini ndani ya maji yale, kisha watazame. Wakiona tunutu wengi wa namna nyingi, mto wao ni mzima. Wakiwakosa wale wenye mikia mitatu pale walipokuwapo zamani, waulize ni nini kilichotokea huko juu: miti ya ukingoni imekatwa, maji yakapata joto? Au udongo wa mashamba umeteremka, ukayafunika mawe? Wadudu hawa hawavumilii maji yaliyoharibika, nao hutangulia kutoweka kabla ya samaki, na kabla ya mtu anywaye hajatambua. Kisha wayarudishe mawe kama walivyoyakuta, maana chini yake wako wenye nyumba.

Skues alipokonywa furaha ya mto wake kwa sababu alitazama ndani ya chombo cheupe akasema aliloliona. Sawyer aliinama juu ya maji yale yale kila siku, hata yakamfundisha. Wote wawili hawakuwa na dawa wala siri. Jioni hii, kazi zikiisha, washa taa, keti na watoto mezani, mzungushe waya juu ya ndoana, mzingo kando ya mzingo. Na kesho, kabla ya kwenda kuvua, nendeni kwanza mkageuze jiwe.